Halmashauri Yasema na Nani?



Si desturi yangu kuandika kwa hasira, na wanijuao watanishuhudia. Lakini liko jambo moja nimelinyamazia muda mrefu, na kunyamaza kwangu kumeanza kufanana na kukubali. Basi leo nasema. Atakayechukia na achukie, ila asome kwanza hata mwisho.

Katika mtaa mmoja wa pembeni mwa Dar es Salaam, ambao sitautaja jina, palikuwa na kiwanja kitupu. Si kikubwa. Jioni watoto walicheza mpira hapo, na jua likitua akina mama walikaanga samaki na mihogo wakauza kwa mwanga wa taa. Msiba ukitokea, turubai hufungwa hapo. Hapana mtu mwenye hati ya kiwanja kile, wala hapana asiyekijua.

Siku moja likaja gari, likashusha makontena mawili ya chuma, na kibao kikasimikwa kwamba hapa ni mahali pa kukusanyia taka za kata nzima. Watu wakashtuka, wakamwendea mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti naye akashtuka kama wao. Wakaenda ofisi ya kata, nami nikiwa mmoja wao. Hapo tukajibiwa kwa upole kabisa: jambo hili limo katika mpango mkakati wa halmashauri wa miaka mitano, tangazo la kutaka maoni ya wananchi lilibandikwa ubaoni kwa siku thelathini, hakuna aliyeleta pingamizi, sasa muda umekwisha.

Tukarudi mtaani kulitafuta tangazo lile, tukalikuta. Lilikuwa limepauka kwa jua lakini lasomeka. Lilikuwa Kiingereza tangu neno la kwanza hata la mwisho. Mwenyekiti akakiri kwamba aliliona siku lililobandikwa, akadhani ni habari ya zabuni. Na chini ya ubao ule mama mmoja muuza vitumbua huweka meko yake kila alfajiri. Siku thelathini karatasi ile ilikuwa nyuma ya mgongo wake. Akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli ndivyo ilivyoandikwa hapa?" Nikamjibu, "Ndivyo, mama." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi kweli walitangaza. Ila hawakusema nasi."

Neno la mama huyu ndilo lililonishikisha kalamu.

Baada ya siku chache niliazima kitabu chenyewe cha mpango ule. Ni kitabu kinene, chenye kurasa zaidi ya mia, nacho ni Kiingereza kitupu. Jioni mbili nilikaa barazani kwangu nikawafasiria majirani zile kurasa zilizohusu kata yetu. Sitaki kuwasingizia walioandika, kwa maana ndani yake tulikuta mambo mengi mema: vyoo vya shule, zahanati, mifereji ya maji ya mvua. Tena tulikuta mfereji mmoja ulioahidiwa mtaa wetu katika mwaka uliokwisha kupita, nao haujachimbwa hata jembe moja. Watu walitazamana. Hapana aliyewahi kwenda kuuliza, maana nani atadai deni asilojua kwamba analidai? Basi tazameni: kwa ajili ya lugha tulipoteza kiwanja tusichotaka kukitoa, na kwa ajili ya lugha hiyo hiyo tulikosa mfereji tuliokwisha kupewa. Hasara mara mbili kwa kitabu kimoja.

Nami nasema neno langu wazi. Mpango wa ustawi wa watu ulioandikwa kwa lugha ambayo watu hao hawaisomi si mpango wao. Ni mpango juu yao. Halmashauri ikitaka watu wake wastawi, jambo la kwanza ni kusema nao, na kusema nao ni kuandika kwa Kiswahili, kwanza na si baadaye.

Labda mtu atasema kwamba nakuza jambo dogo. Basi na tuhesabu watu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta katika Temeke watu 1,346,674, na katika Kinondoni watu 982,328. Mkoa mzima wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Watu hawa wametoka kila pembe ya nchi. Nenda Mbagala, nenda Tandika, nenda Tandale au Bunju: utamkuta Mzaramo na Mndengereko, Mmakonde na Mngoni, Mchaga, Mhaya, Mnyakyusa na Msukuma, wamepanga nyumba moja na kuchota maji bomba moja. Ni kitu gani kiwawezeshacho kugombana, kupatana, kuposana na kuzikana? Ni Kiswahili. Katika shule za msingi za serikali, karibu zote, mtoto hufundishwa kwa Kiswahili mpaka amalize, na Kiingereza ni somo moja tu kati ya masomo. Wengi huishia hapo, wakaenda kwenye biashara na kazi za mikono. Watu hao wajua kusoma. Husoma magazeti, husoma mikataba ya pango, husoma ujumbe wa simu na vitabu vya dini. Kisha halmashauri yao wenyewe, waliyoichagulia madiwani, huandika juu ya maisha yao kwa namna ya kuwafanya wawe kama watu wasiokwenda shule kabisa! Mimi mwalimu naliona hilo ni tusi kwa kazi yangu. Serikali ilitupa mishahara tuwafundishe watu kusoma, nasi tukawafundisha. Halafu ofisi nyingine ya serikali hiyo hiyo ikaandika kitabu wasichoweza kukisoma.

Tena sisemi jambo lisilowezekana. Tazameni habari ya asilimia kumi. Tangu mwaka 2018 sheria yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Leo ukimwamsha mama ntilie wa Temeke usiku wa manane ukamwuliza habari hiyo, atakujibu, "Nne, nne, mbili," kisha atarudi kulala. Amejuaje? Amejua kwa sababu ilitangazwa kwa Kiswahili, ikajadiliwa kwa Kiswahili redioni na katika vikoba na sokoni. Na kwa kuwa aijua, huidai. Mikopo hiyo iliposimamishwa mwaka 2023, watu waliuliza mpaka ikarudishwa mwaka 2024. Hivyo ndivyo watu wafanyavyo kwa jambo wanalolielewa: hulilinda. Wasilolielewa huliacha lipite, kama tulivyoliacha tangazo letu ubaoni.

Sasa nawaomba, ndugu wasomaji, tutoke kidogo hapa kwetu tutazame nchi ya mbali, maana jirani akikosea na kutubu ni vema kujifunza kwake kabla hatujakosea zaidi.

Iko nchi ndogo iitwayo Welisi, upande wa magharibi wa Uingereza. Watu wake wana lugha yao, Kiwelisi, isiyofanana na Kiingereza hata kidogo. Mwaka 1536, katika enzi ya mfalme Henry wa Nane, ilitolewa sheria kwamba mahakama za Welisi zitumie Kiingereza, na kwamba mtu asiyekitumia asipate cheo cha serikali. Tangu hapo Mwelisi wa kijijini alihukumiwa kwa maneno asiyoyajua. Lugha yenyewe ingalikufa mapema, lakini mwaka 1588 padre mmoja, William Morgan, alichapisha Biblia nzima kwa Kiwelisi, na watu wakapata kitabu cha kujifunzia kusoma kwa lugha ya mama zao. Sisi tujuao kazi ya Askofu Steere kule Unguja twafahamu nguvu ya tendo kama hilo.

Hata hivyo ofisi na shule zilizidi kuibana lugha ile. Katika karne ya 19 walimu wa shule nyingi za Welisi walikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Mtoto akisikiwa akisema Kiwelisi huvikwa shingoni. Naye hutega sikio amsikie mwenzake akikosa, apate kumvika. Na yule ambaye ubao umemkuta jioni hupigwa. Basi watoto walijifunza mambo mawili kwa pamoja: kuionea haya lugha ya nyumbani, na kuwasaliti wenzao. Matunda yake yakaonekana. Sensa ya mwaka 1901 ilikuta kwamba karibu nusu ya watu wa Welisi wakijua Kiwelisi. Ilipofika mwaka 1991 hawakutimia hata mtu mmoja katika watano.

Niliposoma habari ya ubao ule nilifunga kitabu, nikakaa kimya. Kwa maana mimi mwenyewe nimeuvaa. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari nilivikwa kibao shingoni kwa kuwa nilimwambia mwenzangu "nipe kalamu" kwa Kiswahili. Na hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule ambayo sitaitaja, mimi nami niliwavika watoto kibao kile, nikidhani ninawapenda. Namkumbuka msichana mmoja aliyekivaa siku nzima kwa sababu alikataa kumtaja mwenzake. Leo naungama mbele ya wasomaji: yule mtoto alikuwa na adabu kuliko mwalimu wake. Na mtoto aliyefundishwa hivyo, akikua akawa ofisa wa mipango, mtashangaa kwa nini aandika kwa Kiingereza? Tulimfundisha wenyewe kwamba maneno ya heshima hayasemwi kwa Kiswahili.

Lakini Wawelisi hawakukubali kuzikwa wakiwa hai. Walidai, wakashitaki, wengine wakafungwa, mpaka mwaka 2011 sheria ikaipa lugha yao cheo cha lugha rasmi katika nchi yao. Mwaka 2015 wakapitisha sheria ya ustawi wa vizazi vijavyo. Sheria hiyo yaziagiza ofisi za umma, pamoja na halmashauri zao zote 22, kufuata malengo saba ya ustawi: uchumi, afya, usawa na mengineyo. Na mojawapo ya malengo hayo saba ni utamaduni ulio hai na lugha ya Kiwelisi inayostawi. Soma tena, ndugu yangu. Hawakuiweka lugha katika sherehe za ngoma, wala katika hotuba ya siku moja kwa mwaka. Waliiweka bega kwa bega na afya na riziki. Tena halmashauri zao zatakiwa kuandika mkakati wa miaka mitano wa kuikuza lugha hiyo, na katika halmashauri ya Gwynedd, kaskazini, kazi za ndani za ofisi hufanywa kwa Kiwelisi. Mwaka 2017 serikali yao ilitangaza nia ya kufikisha wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050.

Je, ni wangapi hao wanaofanyiwa kazi yote hiyo? Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu kama 538,000 wanaojua Kiwelisi. Hawafiki idadi ya watu wa Kinondoni peke yake! Watu wachache namna ile wanaandikiwa mipango ya halmashauri kwa lugha yao, tena wengi wao wanajua Kiingereza barabara. Na sisi, ambao lugha yetu ni ya mamilioni na mamilioni, ambao Umoja wa Afrika umeipokea lugha yetu iwe lugha yake ya kazi tangu mwaka 2022, ambao dunia nzima imeitengea siku ya tarehe 7 Julai, twasoma matangazo ya taka kwa lugha ya kuazima.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimekwisha kupewa. Nitayataja moja moja.

Wa kwanza husema: Kiswahili hakina maneno ya kitaalamu. Huyu namwuliza, ni maneno gani? Mpango, mkakati, dira, dhamira, lengo, kiashiria, bajeti, mapato, matumizi, ukaguzi, tathmini: yapi kati ya hayo hayamo katika kinywa chake kila siku? Kila mwezi Juni Waziri wa Fedha husimama Bungeni akasoma bajeti ya nchi nzima kwa Kiswahili, matrilioni ya shilingi, wala hatujasikia kwamba alikwama kwa kukosa neno. Mwaka 2005 nchi iliandika mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini, ukaitwa MKUKUTA, jina la Kiswahili tangu herufi ya kwanza. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa mwaka 2025, yasomeka kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria yenyewe ilibadilishwa, lugha ya sheria na ya mahakama ikawa Kiswahili. Basi kama taifa laweza kutaja ndoto zake za miaka ishirini na mitano kwa Kiswahili, halmashauri yashindwaje kutaja mfereji? Babu zetu walisoma Msimulizi kule Unguja tangu mwaka 1888, na Mambo Leo hapa Dar es Salaam tangu mwaka 1923, wakapata habari za vita na kilimo, magonjwa na sayari, kwa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, kazi yake ikiwa pamoja na kusanifu maneno. Anayesema hakuna maneno hajayatafuta.

Wa pili husema: wafadhili hawajui Kiswahili. Ni kweli. Lakini mwenye nyumba akitaka mkopo wa kujengea hafasiri kwanza nyumba yake kwa lugha ya mkopeshaji kisha akawaacha watoto wake nje. Andikeni kwa Kiswahili, jadilini kwa Kiswahili, mpitishe kwa Kiswahili, kisha mlipeni mfasiri awatafsirie wafadhili. Leo mambo ni kinyume: mgeni hupewa kitabu, mwenyeji hupewa muhtasari wa maneno mawili matatu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atoke nje mgeni aketi.

Wa tatu husema: sisi huwaeleza watu kwa Kiswahili mikutanoni, hiyo yatosha. Ndugu, haitoshi. Neno la mkutanoni hupeperuka, na karatasi hubaki. Siku ya ugomvi ofisa hafungui kumbukumbu za mkutano, hufungua kitabu. Tuliambiwa habari ya siku thelathini kwa kuonyeshwa karatasi, si kwa kukumbushwa maneno. Anayeshika maandishi ndiye anayeshika haki, na kama mmoja tu kati yetu ndiye awezaye kuyasoma, basi huyo ametushinda kabla hatujaanza kusema.

Wa nne ni mwalimu mwenzangu, naye husema: Kiingereza ni ufunguo wa dunia, kwa nini wakipiga vita? Sikipigi vita. Mimi nakifundisha, nacho ndicho kilichonipa mkate. Namtaka kila mtoto wa Temeke akijue vizuri kuliko ninavyokijua mimi. Lakini mpango wa halmashauri si mtihani wa Kiingereza. Mtu hapaswi kufaulu kwanza ndipo aruhusiwe kujua maji ya mvua yatapita wapi karibu na nyumba yake.

Jibu la tano ndilo lililonichoma, nalo lilitoka kwa mzee mmoja Mzaramo, jirani yangu. Alinisikiliza nikimaliza hoja zangu zote, kisha akaniambia kwa utulivu, "Mwanangu, umesema vema. Hao Wawelisi wako walilia lugha ya nchi yao. Lugha ya nchi hii, hapa ulipoketi, ni ipi?" Sikuwa na la kujibu. Kwa maana kabla ya jiji hili kuwa jiji, kabla Sultani Majid hajaanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha Mzizima, na mashamba ya Wazaramo yaliyoenea mpaka Pugu na Kisarawe. Leo mzee yule asema Kizaramo na mkewe na na dada yake. Watoto wake wakisikia huitika kwa Kiswahili. Wajukuu hawasikii kabisa. Hapana aliyewavika kibao. Lugha inaondoka tu, kimya kimya, kama kisima kinachokauka.

Ikiwa nakiombea Kiswahili haki mbele ya Kiingereza, nitakuwa mnafiki nikikinyima Kizaramo haki hiyo hiyo mbele ya Kiswahili. Sisemi mpango wa halmashauri uandikwe kwa Kizaramo. Wazee wenyewe hawaombi hivyo. Lakini halmashauri zetu zina maofisa wa utamaduni. Ni gharama gani kumtuma mmoja na simu yake ya mkononi akae na wazee, arekodi methali, hadithi, majina ya miti ya dawa, na maana ya majina ya vitongoji tunavyokaa tusijue tumekaa katika neno gani? Walimu tungesaidia bila malipo. Jambo hilo lingeandikwa katika mpango kwa mstari mmoja tu. Nilikitafuta chochote cha namna hiyo katika kurasa zile zaidi ya mia, sikukiona. Mwacha mila ni mtumwa, nasi twaiacha huku tukiandika habari za ustawi.

Basi kusema tumesema. Tufanye nini?

Halmashauri zetu naziomba mambo manne, wala si makubwa. La kwanza, mpango mkakati uandikwe kwa Kiswahili, na nakala ya Kiswahili ndiyo iwe asili. La pili, kila ofisi ya mtaa iwe na nakala moja ya kusomwa na yeyote, pamoja na karatasi moja iliyoandikwa mambo ya mtaa ule tu: nini kitafanyika, mwaka gani, kwa fedha kiasi gani. La tatu, tangazo lolote la kutaka maoni lisihesabiwe kuwa tangazo mpaka liwe kwa Kiswahili. Na siku thelathini zianze kuhesabiwa hapo. La nne, wazee warekodiwe kabla hatujaanza kuwarekodi makaburini.

Nanyi wasomaji nawaomba moja. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Nendeni. Ofisa atakaposimama na kitabu chake, msimpigie kelele, msimtukane. Yeye naye alivikwa kibao. Inueni mkono mmwulize kwa adabu, "Ndugu ofisa, cha Kiswahili kiko wapi?" Akisema hakipo, mwulizeni kitakuwapo lini, na mwandike jibu lake katika muhtasari wa mkutano. Mkutano ujao mwulizeni tena. Mtu mmoja akiuliza huitwa mkorofi, lakini mtaa mzima ukiuliza huitwa wananchi.

Tena tujitazame wenyewe nyumbani. Kadi za harusi zetu, kumbukumbu za vikao vya ukoo, vibao vya maduka yetu ya unga na mkaa, twaviandika kwa lugha gani, na kwa ajili ya nani? Hatuwezi kuidai halmashauri heshima ambayo sisi wenyewe twaionea haya.

Mimi nimekwisha kuanza upande wangu. Darasani kwangu hakuna kibao tena. Watoto wangu hujifunza Kiingereza kwa kukisoma na kukisema, si kwa kuogopa. Na kila Ijumaa mwanafunzi mmoja hupewa tangazo moja la serikali alitafsiri kwa Kiswahili chepesi, kisha tukalibandika pale ubaoni, chini ya lile la Kiingereza.

Makontena ya taka bado yapo kiwanjani petu. Tumeandika barua ya kuomba yahamishwe; tumeiandika kwa Kiswahili, nasi tunangoja jibu. Mama wa vitumbua alitia sahihi ya pili, baada ya mwenyekiti. Kabla ya kutia sahihi aliisoma barua nzima, mwenyewe, kwa sauti, polepole, tangu juu hata chini. Hapana aliyemsaidia neno hata moja.